Msiizime saa ya Jumapili: barua ya wazi kwa wakuu wa redio yetu na wa kaunti

Kwenu wajumbe wa bodi na meneja wa vipindi wa redio yetu hapa Malindi, na kwako Mheshimiwa Waziri wa Kaunti ya Kilifi unayesimamia utamaduni.

Nawaamkia nyote kwa heshima.

Barua yenu imenifikia. Inasema mwisho wa mwezi huu kipindi cha muziki wa klasiki na watunzi wa Afrika, kile cha Jumapili saa mbili usiku, kitaondolewa hewani, na saa yake itapewa kipindi cha ubashiri wa mechi ambacho tayari kina mdhamini. Sababu mlizotaja ni tatu: kipindi hakina mdhamini, hakina wasikilizaji, na muziki wake ni wa kigeni. Ningeweza kuwajibu ofisini, na sijawahi kufungiwa mlango. Lakini kipindi ni cha wanaokisikiliza, nikaona nijibu mahali ambapo nao watasoma.

Nianze na hilo la ugeni, maana ndilo lililoniuma.

Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, kamati ya watu watano ilikabidhiwa kazi ya kuunda wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Kasisi Thomas Kalume, mtu wa Pwani hii aliyekuja kuwa mbunge. Lahani waliyoichagua haikutoka Ulaya wala Nairobi. Ilitoka kwa Wapokomo wa Tana River, majirani zetu, njia hii hii ya mabasi ya Garsen na Lamu. Ni lahani ya mama anayembembeleza mwanawe alale, na aliyeileta ni Mzee Meza Galana. Wanakamati wakaichukua, wakaiandika kwa nota, wakaipangia sauti za kwaya na ala za bendi, mpaka ikaweza kubebwa na umati mzima kwa pamoja bila sauti kugongana.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe ninayoipiga kila Jumapili: mtunzi anachukua sauti aliyozaliwa nayo, anaijenga kwa ufundi wa nota, na wapigaji ambao hajawahi kuonana nao wanaisoma na kuipiga. Watoto wa shule za Maweni na Barani huuimba muziki wa aina hiyo bendera inapopandishwa, na umetoka umbali wa saa chache tu kutoka darasani mwao. Sijui ni nani atakayewaambia kwamba wanaimba cha wageni.

Ala nazo tunazo tangu zamani. Fidla imo katika taarab ya Waswahili kwa zaidi ya miaka mia. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alipopelekwa Bombay kurekodi mwaka 1928, fidla na udi vilikuwa ni vitu vya nyumbani kwao. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliufikisha udi wetu kwenye majukwaa ya mbali bila kuacha hata chembe ya Kiamu chake. Mtu wa Malindi akisikia fidla kumi na mbili zikiingia kwa pamoja hashtuki. Anachouliza ni mwimbaji ataingia saa ngapi.

Tena si kweli kwamba kwenye nota zimo kazi za wazungu peke yao. Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, alizaliwa London mwaka 1875, na akiwa bado kijana aliandika kazi ya kwaya na okestra juu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi moja la Kimarekani, kazi ambayo Uingereza nzima iliiimba. Ephraim Amu wa Ghana alifukuzwa kazi mwaka 1933 katika chuo cha walimu cha Akropong kwa sababu alipanda mimbarini amevaa vazi la kwao na alitaka ngoma za kwao ziingie kanisani. Leo anatajwa kuwa baba wa muziki wa nota wa nchi ile. Michael Moerane wa Afrika Kusini alimaliza shairi lake la okestra juu ya nchi yake mwaka 1941. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia, alipiga piano mpaka uzeeni huko Jerusalem na akafariki mwaka 2023, ametimiza miaka 99. Na msidhani ni wa kale tu. Mwaka 2022 Nyokabi Kariũki, Mkenya, alitoa kazi yake juu ya mahali panapompa utulivu hapa nchini, na ndani yake kimo kipande kiitwacho Galu, ufuo ulioko hapo Kwale. Nilipokipiga, ujumbe ulioingia ulinilazimu nikirudie kabla kipindi hakijaisha.

Sasa niseme lile ambalo ningependa mlisome mara mbili, kwa sababu linawahusu ninyi kama wakuu wa redio kuliko linavyonihusu mimi.

Baadhi ya watunzi wakubwa wa Afrika wametoka mikononi mwa redio. Mwaka 1944 huko Cairo, kijana aitwaye Halim El-Dabh, aliyesomea kilimo wala si muziki, aliazima kinasa sauti cha waya katika kituo cha redio cha pale mjini. Akaenda nacho kwenye ngoma ya zari, ya akina mama wanaowapunga pepo (na ninyi mnaijua ngoma ya pepo, Pwani hii haikuikosa), akarekodi sauti zao. Kisha akaruhusiwa kuingia studio ya redio ile ile. Akazipitisha sauti zile kwenye chumba cha mwangwi, akipunguza hapa, akiacha hewa pale, mpaka maneno yakatoweka ikabaki mivumo inayopanda na kushuka kama watu wanaimba ng'ambo ya ukuta. Hiyo ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa duniani za muziki uliotengenezwa kwa sauti zilizorekodiwa, na ilitangulia zile za Pierre Schaeffer kwenye redio ya Paris, mwaka 1948, ambazo ndizo zilizosifiwa vitabuni. Waliofanya jambo la maana Cairo walikuwa wawili: huyo kijana, na mkuu fulani wa redio aliyekubali mashine ya ofisi itoke nje na mlango wa studio ufunguliwe.

Nigeria ni hivyo hivyo. Fela Sowande, aliyezaliwa 1905, alirudi kutoka Uingereza akaongoza muziki katika shirika la utangazaji la nchi yake, na akawapa hewani nafasi wazee wenye ilimu ya muziki wa Kiyoruba. Akin Euba naye alipita katika shirika hilo hilo kabla hajawa profesa. Sowande ana kazi ya nyuzi iitwayo African Suite, ya mwaka 1944. Sehemu yake ya mwisho, Akinla, ilikuwa kwa miaka mingi ndiyo sauti ya kufungulia kipindi maarufu cha redio ya taifa ya Kanada. Wakanada walikuwa wakikaa kitako jikoni mwao wakimngoja mtangazaji wao kwa lahani ya Mnigeria, na hakuna mkuu wa redio aliyeandika barua kusema ni ya kigeni.

Hapa kwetu nani asiyejua habari za Sauti ya Mvita? Waimbaji na wapiga udi wa Mombasa ambao wazee wetu bado wanawataja kwa majina walipitia kwenye redio ile. Ilikuwa na wakuu waliotenga saa, wakatenga studio, na watu wakaja. Bila hivyo leo tungekuwa na sifa zao midomoni, bila sauti zao masikioni.

Hilo la wasikilizaji nitalijibu kwa niliyoyaona. Mlipotaka kujua nani anasikiliza nini, watu waliulizwa mchana, sokoni na stendi ya matatu. Wasikilizaji wa Jumapili usiku hawako huko mchana. Ni mabawabu wa nyumba za Casuarina. Ni wapishi wa hoteli wanaotoka zamu, akina mama wanaokanda unga wa mahamri ya kesho yake, na walimu wa kwaya kuanzia Gede hadi Gongoni ambao hukirekodi kipindi kwa simu ili wanafunzi wao wakisikilize kabla ya tamasha la muziki la shule. Tamasha hilo lilianza mwaka 1927, na kila mwaka watoto wetu hupangiwa nyimbo za sauti nne bila ya kuwa wamewahi kusikia okestra hata moja, isipokuwa kupitia masafa yetu.

Usiku mmoja nilipiga Escalay ya Hamza El Din, Mnubi aliyezaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Toshka, ambacho baadaye kilimezwa na maji ya Bwawa la Aswan. Anapiga udi kwa muda mrefu bila haraka, akiufuata mzunguko wa sakia, lile gurudumu la kutekea maji linalozungushwa na ng'ombe. Akapiga simu mzee mmoja wa Shela ya hapa Malindi, mpiga udi wa siku nyingi. Hakuuliza jina la mtu. Aliuliza uzi wa chini umefungwa vipi, maana aliusikia unashuka kuliko tulivyozoea huku, na akataka kujua kama anakwangua kwa unyoya au kwa kitu kigumu zaidi. Nikamwekea kazi hiyo hiyo kama ilivyopangwa kwa fidla na selo za kundi la Kronos Quartet la Marekani, iliyotoka mwaka 1992. Akanyamaza mpaka ikaisha, kisha akasema: "Hawa wameukariri udi wake kwa upinde." Katika rekodi hiyo hiyo yumo Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye fidla zake zinatembea kwa mwendo wa ala za Kiganda. Jumapili iliyofuata mzee yule alikuja studio kwa miguu na udi wake begani, na tukapata nusu saa ya mazungumzo ambayo sidhani redio nyingine yoyote Pwani hii inayo. Huyo naye, katika hesabu yenu, hakuhesabiwa.

Mimi ni mtangazaji, lakini pia natunga. Kazi yangu ya fidla nne na kayamba imejengwa juu ya mwendo wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama niliyoisikia tangu utoto. Tuliirekodi katika studio yenu, usiku wa manane, kwa ruhusa yenu, na bado nawashukuru. Nataka mjue ilivyokuwa. Wapigaji wawili walikuwa watu wa taarab wasiosoma nota, kwa hiyo niliwaimbia mstari kwa mstari, nao wakaushika kwa sikio upesi kuliko wale wawili waliokuwa wakisoma. Kayamba lilitusumbua. Lile ni pambo la harusi na ni ala ya uwanjani. Ndani ya chumba kidogo mbegu zake zilimeza kila kitu, hata fidla ya kwanza ikawa haisikiki. Tukamsogeza mpigaji mpaka kwenye ujia, tukaacha mlango wazi kiasi cha kiganja, tukatundika kanga na mablanketi ukutani kuua mwangwi. Hapo ndipo likaingia, kwa mbali, likiwa chini ya nyuzi kama linavyotakiwa. Kijana aliyekuwa akishika mitambo usiku ule, ambaye kazi yake ya mchana ni kuendesha tuktuk, sasa anatunga vitu vyake mwenyewe. Akiniuliza atavipeleka wapi baada ya mwezi huu, nitamjibu nini?

Kuna jambo jingine ambalo barua yenu haikuligusa, nalo linahusu stoo. Kwa sababu ya kipindi hiki watu wameleta kanda. Zimo kanda za harusi za Mambrui zenye vugo na nzumari, zimo za maulidi, zimo za kayamba kutoka vijiji vya bara, na zimo za taarab ya mitaani ambayo haikurekodiwa na kampuni yoyote. Ziko katika makasha ya karatasi, chumba kisicho na feni, mita chache kutoka baharini. Nyingine utepe umeshikana kwa unyevu, na ukiuvuta kwa nguvu unga wa kahawia unabaki kidoleni. Huo unga ndio sauti yenyewe. Kanda ya namna hiyo haitiwi mashineni hivi hivi. Hukaushwa taratibu, hugeuzwa kwa mkono, huchezwa mara moja, na mara hiyo hiyo inaingizwa kwenye kompyuta. Kazi hii nimekuwa nikiifanya baada ya kipindi. Kipindi kikiondoka, hapatakuwa na mtu wa kuifanya wala sababu ya mtu kuleta nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hii ni mali.

Kuhusu mdhamini sina mengi. Kweli hatuna. Lakini hii ni redio ya jamii, na mlipoomba leseni mliomba kwa jina la jamii. Mimi kama mzazi nawaomba mfikirie pia vijana wetu watakapofunguliwa, kila Jumapili usiku, saa nzima ya kuambiwa watie fedha kwenye mechi. Tunawajua waliokwisha uza simu na pikipiki. Nanyi mnawajua.

Mheshimiwa Waziri, hapa ndipo unapoingia, wala si kwa kukuomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali ikuze kila aina ya sanaa. Jedwali la Nne linaziweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho katika kazi za kaunti. Na sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaipa kaunti jukumu la kuweka sajili ya mambo hayo. Sajili ya ngoma bila sauti ni karatasi tu. Sauti ziko stoo kwetu, na wenye sauti bado wako hai, baadhi yao, Gongoni, Ganze, Marafa. Coleridge-Taylor aliiuza ile kazi yake ya harusi kwa mchapishaji kwa ginii 15, basi. Nakala zikauzwa kwa maelfu, naye akafa mwaka 1912, miaka 37, bila familia yake kuambulia mrabaha. Uchungu wa kisa chake ulisaidia kuundwa kwa chama cha kukusanya haki za watunzi huko Uingereza miaka miwili baadaye. Sisi hatuna haja ya kungoja mtu afe kwanza. Mama wa Kigiriama akirekodiwa, jina lake liandikwe, ridhaa yake iandikwe, na kama lahani yake itajengwa kuwa kazi ya okestra, ijulikane ni yake.

Kwa hiyo naomba hivi. Kipindi kibaki Jumapili saa mbili usiku. Kama lazima saa igawanywe ili redio ipate riziki yake, tukubaliane juu ya nusu, lakini isisukumwe hadi alfajiri, kwa maana kipindi cha alfajiri ni kipindi kilichokwisha kufa. Kaunti igharamie mashine nzuri ya kuchezea kanda, kompyuta moja ya kuhifadhia, na posho ya kijana mmoja wa kufanya kazi ya stoo. Redio itoe studio baada ya saa sita usiku, hata kama ni siku chache katika mwezi, kwa vijana wanaotunga na kwa wazee wanaotaka kurekodiwa. Mimi mshahara wa ziada siombi. Ile piano ya ukumbi wa umma hapa mjini, ambayo nyuzi zake zimeliwa na chumvi ya bahari, naiacha kwa leo, ingawa sijaisahau.

Bodi inakutana kabla ya mwezi kwisha. Naomba niitwe, nipewe robo saa. Nitakuja na kanda moja ya vugo la Mambrui ambayo nimekwisha kuisafisha, na rekodi ya kazi ya fidla na kayamba, na nitamwomba yule mzee wa Shela aje na udi wake. Mheshimiwa Waziri, kiti chako kitakuwepo. Na uamuzi wowote mtakaoufikia, nawaomba mtangaze wenyewe hewani, Jumapili saa mbili usiku, ili wale msiowahesabu wausikie kwenu.

Wenu katika kazi,

Mtangazaji wa kipindi cha Jumapili na mtunzi wa muziki,
Malindi